Kabla Bikoni Hazijachimbiwa: Mwongozo kwa Mwanakijiji Anayepinga Mradi wa Viwanja

Ukishaona vijana wenye vizibao vya rangi ya kung'aa wakisimika mashine ya miguu mitatu katikati ya mihogo, na mwenzao akishusha bikoni za zege kwenye bodaboda, jua kazi yenyewe ilianza zamani. Kuna aliyeuza. Kuna aliyegonga muhuri. Na katika jalada la ofisi ya mtendaji pengine umo muhtasari wa mkutano unaosema kijiji kizima, wewe ukiwemo, kiliridhia.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, na hasa wa vijiji vinavyopakana na miji inayotanuka: Mkuranga, Kisarawe, Kibaha, Bagamoyo, Arumeru, na vile vilivyo pembezoni mwa Dodoma tangu serikali ihamie huko. Hadithi yake inajulikana. Kampuni inanunua mashamba kwa ekari, inayakata, inayauza kwa mita za mraba kwa watu wa mjini wanaolipa kidogo kidogo. Faida yote imo katika tofauti ya bei hizo mbili. Biashara hiyo si haramu. Ila ina utaratibu wake, na utaratibu huo unampa mwanakijiji nguvu nyingi kuliko anavyodhani, mradi azitumie mapema na kwa maandishi.

Kabla hujaitisha kikao chochote, amua unapinga kitu gani hasa. Ukisimama mkutanoni kusema unapinga viwanja, atasimama jirani yako mwenye mtoto chuoni na ada isiyolipwa, akuulize shamba lake linakuhusu nini. Watasimama na vijana wasio na pa kujenga. Utakuwa umeshindwa kabla ya chai. Taja kitu chenye jina: bonde la mpunga linalolisha vitongoji viwili, njia ya ng'ombe kwenda lambo, makaburi, kisima kinachokauka kila Oktoba, msitu wa kuni. Sema kwamba kampuni inataka kupima ekari kadhaa juu ya kitu hicho, na kwamba nyumba zinaweza kujengwa upande wa pili wa barabara ambako hazimdhuru mtu. Anayetoa pendekezo la mahali pengine husikilizwa. Anayekataa kila kitu huitwa mpinga maendeleo, na jina hilo likishaganda halibanduki.

Sasa sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, Sura ya 114, ndiyo silaha yako kubwa. Ilianza kutumika Mei 2001. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na imegawanywa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, lakini kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anayetunza mali ya wenzake. Kifungu cha 8 kinasema wazi kwamba Halmashauri ya Kijiji haitagawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila bila idhini ya kwanza ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Neno la kushika hapo ni "kwanza". Mkutano haupelekewi jambo lililokwisha ili ulibariki, unaulizwa kabla.

Mkutano Mkuu ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Mjane ni mjumbe, mpangaji aliyehamia na kukaa ni mjumbe, kijana asiye na shamba ni mjumbe. Mkutano huo unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na katika mikutano hiyo ya kawaida Halmashauri inatakiwa kutoa taarifa ya namna inavyosimamia ardhi. Vijiji vingi havifanyi hivyo. Kijiji ambacho hakijakutana mwaka mzima kinauzwa kwa urahisi, kwa kuwa hakuna anayejua kilichopita.

Hapa utakutana na mtu, mara nyingi ni mjumbe wa Halmashauri aliyechangamka, atakayekwambia Halmashauri ina mamlaka ya kutoa hadi ekari 50 bila kumuuliza mtu. Kauli hiyo imezunguka vijijini hadi imekuwa kama aya. Usibishane naye juu ya hesabu ya ekari. Mwombe akusomee kifungu kinachosema kwamba ekari zikiwa chache idhini ya Mkutano Mkuu haihitajiki. Hatakiona.

Mara nyingi, hata hivyo, Halmashauri haigawi chochote. Anayeuza ni mtu binafsi, shamba la baba yake, na anasema ni mali yake. Ni kweli ana haki ya kuuza, lakini si kwa yeyote na kwa namna yoyote. Kumuuzia mtu asiye mkazi ardhi ya kijiji kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, na Mahakama ya Rufani imeshikilia tangu miaka ya 1980 kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji bila kibali cha Halmashauri hayana nguvu. Kwa hiyo swali lako la pili, baada ya kuuliza aliyeuza ni nani, ni hili: kikao gani cha Halmashauri kiliridhia, tarehe gani, na waliohudhuria ni akina nani? Muhuri wa mtendaji au saini ya mwenyekiti peke yake si kikao. Mwenyekiti anayeshuhudia mauziano nyumbani kwake jioni, akachukua ile "asilimia kumi" ya bei, ameshuhudia tu, hajatoa kibali.

Halafu uliza kuhusu mke. Mashamba mengi yanauzwa na mume wakati aliyelima miaka yote ni mwingine. Mwenzi aliyetia jasho lake katika ardhi ana masilahi ambayo sheria inayatambua, na nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa yake. Nimeona mipango mikubwa ikisimama kwa sababu mama mmoja alikataa kutia dole gumba. Ila jambo hili ni lake yeye, si lenu. Msimsukume mbele ili abebe vita vya kijiji kizima halafu alale na matokeo peke yake. Mpelekeni kwanza kwa msaidizi wa kisheria, azungumze naye faragha.

Makaratasi

Vita hivi ni vya makaratasi, na ndipo wanakijiji wengi wanaposhindwa ingawa haki iko upande wao. Nenda ofisi ya kijiji, usiende peke yako, na uombe kwa barua kuona vitu hivi: cheti cha ardhi ya kijiji pamoja na ramani ya mipaka, mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, rejesta ya ardhi, na mihtasari ya Halmashauri na ya Mkutano Mkuu kwa kipindi ambacho mradi unadaiwa kupitishwa. Andika barua nakala mbili. Moja iachwe, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Mtendaji akikataa kupokea, andika chini ya nakala yako tarehe, saa, na majina ya mashahidi wawili mliokuwa nao, kisha barua hiyo hiyo ipelekwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Wilaya.

Muhtasari ukiupata, usome kwa jicho la mhasibu. Linganisha saini za mahudhurio na watu halisi. Yumo marehemu? Yumo aliyekuwa Oman tarehe hiyo? Mwandiko ni mmoja tangu jina la kwanza hadi la mwisho? Orodha ya mahudhurio imechukuliwa kutoka mkutano wa chanjo au wa mbegu za ruzuku na kubandikwa hapa? Ajenda iliyotangazwa ilitaja ardhi, au jambo liliingizwa kwenye "mengineyo"? Kila dosari iandikwe pembeni pamoja na jina la anayeweza kuithibitisha kwa mdomo wake. Piga picha kila ukurasa ukiruhusiwa. Usiporuhusiwa, nakili kwa mkono.

Baadaye itisheni Mkutano Mkuu. Msisubiri mwenyekiti apate nafasi: mwandikieni barua ya pamoja mkitaja jambo moja tu la ajenda, ili pasiwe na mahali pa kulificha. Siku ya mkutano wekeni mtu wenu wa kuandika sambamba na mtendaji. Azimio lenu liwe fupi na lenye mipaka inayoonekana, kwa mfano: "Mkutano Mkuu haukuwahi kuidhinisha upimaji wa viwanja katika eneo la Bondeni, kutoka kalavati la barabara hadi mto. Mkutano unaiagiza Halmashauri ya Kijiji kusitisha kibali chochote kilichotolewa na kuleta taarifa ya maandishi katika mkutano ujao." Azimio lisomwe kwa sauti, lipigiwe kura kwa mikono, hesabu itangazwe, na muhtasari usainiwe hapo hapo kabla watu hawajatawanyika. Muhtasari unaoahidiwa "kesho" huwa umebadilika sura.

Na Halmashauri yenyewe ikiwa ndiyo tatizo? Kifungu hicho hicho cha 8 kinawapa mlango ambao wachache wanaujua. Wanakijiji wasiopungua 100, wajumbe wa Mkutano Mkuu, wanaweza kuilalamikia Halmashauri ya Wilaya kwamba Halmashauri ya Kijiji haisimamii ardhi kama mdhamini. Wilaya inapaswa kujaribu kulimaliza, na ikishindikana jambo linaweza kupanda hadi kwa Waziri na kuundiwa uchunguzi. Malalamiko ya watu tisini ni barua. Ya watu mia moja ni utaratibu wa kisheria. Kusanyeni 150, kwa sababu baadhi watafuatwa usiku na kuombwa wafute majina. Barua iwe hivi:

"Sisi wanakijiji wa …, wajumbe wa Mkutano Mkuu, ambao majina, vitongoji na saini zetu zimeambatishwa, tunalalamika kwa mujibu wa kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, kwamba Halmashauri ya Kijiji chetu imeruhusu eneo la …, takriban ekari …, kupimwa viwanja bila idhini ya Mkutano Mkuu. Tunaomba upimaji usitishwe, nyaraka zote za kibali ziwekwe wazi kwa wanakijiji, na Afisa Ardhi wa Wilaya afike mkutanoni kutoa maelezo."

Nakala kwa Mkuu wa Wilaya, kwa diwani, na kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa. Nakala kwa kampuni pia. Watu husahau hii ya mwisho, nayo ina kazi: mnunuzi aliyeonywa kwa maandishi hawezi kesho kujitetea kwamba alinunua bila kujua kuna mgogoro. Na wateja wake wa mjini, wakisikia neno "mgogoro", hurudisha simu mfukoni upesi kuliko amri yoyote ya mahakama.

Kijiji kinapogeuka mtaa

Kuna njia nyingine ambayo kijiji hupoteza ardhi bila mtu kuuza hata ekari moja. Chini ya Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, eneo linaweza kutangazwa kuwa eneo la mipango. Mji ukipandishwa hadhi na mipaka yake ikasukumwa, kijiji kinaweza kuwa mtaa. Watu hufurahia, wanatarajia taa za barabarani. Lakini Mkutano Mkuu wenye mamlaka juu ya ardhi hauhamii mtaani. Mtaa hauna mamlaka hayo. Maamuzi ya nani ajenge wapi yanakwenda kwa halmashauri ya mji, kwa maofisa ambao hawajui bondeni kwenu hufurika hadi wapi.

Kwa hiyo mpimaji akifika na mchoro wa viwanja, muulize kwa upole: eneo hili limetangazwa lini kuwa eneo la mipango, na tangazo la serikali ni namba ngapi? Nani aliidhinisha mchoro huu? Kama jibu ni kikohozi, mmepata pa kuanzia. Kama tangazo lipo, mapambano yanabadilika, yanakuwa ya fidia na ya mpangilio, na nitayafikia.

Kama ardhi inahamishwa rasmi kutoka ya kijiji kwenda ya jumla kwa masilahi ya umma, Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka tangazo katika Gazeti la Serikali na nakala kwa kijiji. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri anaamua baada ya kupata mapendekezo ya Mkutano. Kila mmoja wenu aikariri hiyo 250, kwa sababu mradi mmoja mkubwa huweza kukatwa vipande au vipande kuunganishwa kutegemea nani anataka kumkwepa nani.

Kinga bora ni mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji uliopitishwa na Mkutano Mkuu, chini ya Sheria Namba 6 ya mwaka 2007. Nchi ina zaidi ya vijiji 12,000 na vingi bado havina mpango huo. Mkiwa nao, bonde likaandikwa kilimo, kilima kikaandikwa malisho, na makazi yakatengewa mahali pake, basi anayetaka kupima viwanja bondeni anabishana na ramani iliyosainiwa, si na kelele zenu. Msitu wenu unaweza kutangazwa kuwa hifadhi ya msitu ya kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya 2002. Ardhi ya pamoja iandikwe kwenye rejesta kwa jina hilo, isibaki "pori" la kila mtu. Mpango hugharimu, mara nyingi mashirika au wilaya husaidia, na huchukua muda. Dalali akifika mkiwa bado mnauandaa, msiuache. Uendelezeni kwa kasi.

Maji yanastahili aya yake. Kisima cha kijiji kilichimbwa kwa hesabu ya kaya zilizokuwapo, na sasa kinaendeshwa na jumuiya ya watumia maji chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini. Iandikieni jumuiya iseme kwa maandishi kisima kinatoa lita ngapi kwa saa na kinahudumia kaya ngapi. Viwanja 300 vikiongezwa, hesabu itajisema yenyewe mbele ya afisa yeyote. Ongezeni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoharibu mazingira haziruhusiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na miradi mikubwa ya makazi inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, ambamo wananchi wanaulizwa maoni. Ulizeni NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, kama cheti kipo. Pimeni hizo mita 60 wenyewe, kwa kamba, mbele ya mashahidi.

Yasiyofaa kufanywa

Usiing'oe bikoni. Najua mkono unawasha. Kuharibu alama za upimaji ni kosa la jinai, na hakuna zawadi kubwa kwa kampuni kama kiongozi wa wapinzani wake kulala mahabusu wiki moja ya maamuzi. Ipige picha ilipo, andika namba yake, iache. Usizuie gari la mpimaji kwa mapanga wala kwa kundi la vijana waliokunywa. Usikubali vilevile mkutano wenu ugeuzwe jukwaa la mgombea. Akitaka kuwasaidia asaini kama wengine.

Na usidharau wauzaji. Mkiwatenga, watauza kwa hasira na kwa siri. Kaeni nao: kama mmoja wao anahitaji fedha, je, kuna mwanakijiji au kikundi cha akiba kinachoweza kununua sehemu? Aliyeuza shamba ni jirani atakayewazika.

Mahakamani

Ikibidi. Mgogoro wa ardhi huanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji au Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kupatanisha, si kuhukumu. Likishindwa, linatoa uthibitisho, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkiishtaki Halmashauri ya Kijiji au ya Wilaya njia ni nyingine: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kujenga nyumba tatu, kwa hiyo mwulizeni wakili kuhusu zuio la muda la Mareva, ambalo Mahakama Kuu inaweza kuombwa wakati notisi ikihesabika.

Kosa linaloua kesi nyingi ni jina la mlalamikaji. Ardhi ya kijiji inadaiwa na Halmashauri ya Kijiji, ambayo ni mtu wa kisheria. Wazee watano wakifungua kesi kwa majina yao kudai ardhi ya wote, itatupwa bila hata kusikilizwa. Kama Halmashauri imewageuka, ombeni kwanza ruhusa ya mahakama kufungua shauri la uwakilishi. Kwa hilo mnahitaji wakili au shirika: HAKIARDHI na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wameshughulikia ardhi ya vijiji kwa miaka mingi, na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017 wapo katika wilaya nyingi na hawatozi.

Mkishindwa, au mkiona mradi utapita hata mfanyeje, geuzeni nguvu zote kwenye masharti, na myadai kabla ya mchoro kuidhinishwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna anayewasikiliza. Kama ni utwaaji wa serikali, fidia lazima iwe kamili, ya haki na kwa wakati: uthamini ukishaidhinishwa malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita, ucheleweshaji una riba, na uthamini uliopita miaka miwili unarudiwa. Msikubali kuambiwa muache kulima "hadi mtakapolipwa" bila tarehe. Wakazi wa Kigamboni walitangaziwa mji mpya mwaka 2008 wakaishi miaka mingi bila kujua kama waezeke upya au wasubiri.

Kama ni kampuni binafsi, dai eneo la shule na zahanati ndani ya mchoro, lisiwe korongo lisilouzika. Dai njia ya ng'ombe yenye upana uliopimwa na kuwekewa bikoni zake. Mfereji wa maji ya mvua uonyeshwe unaishia wapi, maana viwanja vilivyo juu humwaga maji kwa walio chini. Kisima kipya kichimbwe na kampuni kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa. Makaburi yazungushiwe uzio na njia ya kuyafikia ibaki wazi. Sehemu ya viwanja iuzwe kwa vijana wa kijiji kwa bei mliyokubaliana, kwa majina, si kwa ahadi. Makubaliano yasainiwe na kampuni na Halmashauri mbele ya wakili, yasomwe Mkutano Mkuu, na nakala tatu zikae sehemu tatu tofauti: ofisi ya kijiji, ofisi ya ardhi wilayani, na nyumbani kwa mtu asiye kiongozi, maana uchaguzi ukipita na ofisi ikibadilisha mikono majalada hupotea.